C- ya kemia ogania, zamu za usiku, na baba anataka nisome Bayolojia: niendelee na njia ya udaktari hapa Marekani?

Kijana_wa_Isevya (Columbus, Ohio)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nina miaka 20, niko mwaka wa pili katika chuo cha serikali hapa Ohio. Tulihamia mwaka 2019 baada ya mama kupata bahati nasibu ya grini kadi. Nilikuwa kidato cha kwanza Tabora, nikaja kumalizia sekondari huku.

Nataka kuwa daktari. Hilo sijalibadilisha tangu darasa la sita. Kwa walio nyumbani ambao hawajui utaratibu wa huku: huendi udaktari ukitoka sekondari. Unasoma kwanza digrii ya miaka minne, humo ndani unachukua masomo ambayo shule za udaktari zinayadai, unafanya mtihani wa MCAT, ndipo unaomba. Ukipata unasoma miaka minne mingine, halafu unaanza mafunzo hospitalini.

Mimi nimekwama kwenye masomo hayo ya mwanzo. Muhula uliopita nilipata C- kwenye kemia ogania ya kwanza. Muhula huu nimeingia ogania ya pili. Mtihani wa kwanza nimepata 41 kwa 100, wa pili 38. Ijumaa hii ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa kwenye kozi ukapewa W badala ya alama. Sijui nijitoe au nikomae.

Nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu tatu za usiku kwa wiki, saa 12 kila zamu. Mama aliumia mgongo mwaka jana hafanyi kazi. Baba anaendesha lori, wiki mbili yuko barabarani, siku tatu yuko nyumbani. Kodi tunachangia mimi na yeye, na kuna ada ya binamu yangu Tabora ambayo ni jukumu langu.

La mwisho ni hili. Nimejiandikisha digrii ya Takwimu kwa sababu naipenda na naiweza. Baba amekasirika. Anasema, "Daktari gani anasomea kuhesabu watu? Ungekuwa unautaka udaktari ungesoma Bayolojia." Juzi amesema kama imenishinda bora nirudi nyumbani nikasome MD, digrii ya udaktari, ni miaka mitano tu.

Naombeni mawazo ya waliopita huku. Mshauri wa masomo chuoni kwetu nimemwona mara moja, dakika 15, akanipa karatasi ya orodha ya kozi.

BintiPangani (Minnesota)

Marahaba mdogo wangu. Nimekusoma nikitoka zamu alfajiri hii na nimeshindwa kulala kabla sijakujibu. Mimi niko mwaka wa pili wa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani. Yanayokukuta yalinikuta mwaka 2016, tofauti ni kwamba mimi niliangukia fizikia.

Tuanze na Ijumaa, mengine yana muda. Jitoe.

W haina pointi, haiingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako. W moja katika miaka minne hakuna atakayekuuliza. Lakini alama mbaya haifutiki. Hata ukirudia kozi na chuo chako kikaifuta ile ya zamani kwenye GPA yao, AMCAS, yaani mfumo unaopokea maombi ya shule nyingi za MD, wanahesabu upya kila kozi uliyowahi kuifanya, ya mwanzo na ya kurudia. Chukua hiyo C- yako, ambayo kwa kipimo cha A kuwa 4 ni 1.7. Kozi ya krediti 4 kwa 1.7 ni pointi 6.8. Ukirudia ukapata A ni pointi 16. Jumla 22.8, gawa kwa krediti 8: 2.85. Umefanya kazi ya A na kwenye vitabu vyao inasomeka kama B ya chini. Sasa fikiria ukiongeza F ya ogania ya pili juu yake. Wanaoingia shule za MD wastani wao uko karibu na 3.8. Hutafika huko kwa kukomaa na shimo, utafika kwa kuacha kulichimba.

Lakini kabla hujabofya, kesho asubuhi nenda ofisi ya misaada ya fedha, nenda kwa miguu yako, usipige simu. Waulize mambo mawili: ukijitoa utabaki na krediti ngapi, maana chini ya 12 hapo huhesabiwi kuwa mwanafunzi wa muda wote, na W hiyo itakuathiri vipi kwenye kipimo chao cha maendeleo ya masomo. Vyuo vingi vinataka uwe umefaulu asilimia 67 ya krediti zote ulizojiandikisha, na W inahesabiwa kuwa umejiandikisha bila kumaliza. Ukiwa na moja kwa kawaida uko salama. Ila ulizia, pata jibu la mtu mwenye faili lako mkononi.

Ogania ya kwanza itabidi uirudie, shule nyingi hazipokei somo la lazima lenye alama chini ya C. Irudie muhula ambao huna somo jingine zito.

Sasa zamu. Hapa naomba unisikilize kama dada yako. Nilikuwa nafanya zamu tatu kama zako, saa 36 kwa wiki, na fizikia, ogania na takwimu vyote muhula mmoja. Nilikuwa natoka kazini saa moja asubuhi, napanda basi, maabara inaanza saa mbili na nusu. Siku moja niliamka nimelalia daftari la maabara. Kalamu ilikuwa bado mkononi, na kutoka kwenye tarakimu ya mwisho niliyoandika kulikuwa na mstari mrefu wa wino umeteremka mpaka ukingoni mwa karatasi. Mwenzangu wa kundi alikuwa amenifunika koti lake na kupima peke yake. Fizikia nilipata D.

Nilikuwa naamini kwamba kubeba boksi na kusoma kwa pamoja ndiyo ujasiri, na kwamba watu wa shule za udaktari wataona D yangu na kuelewa kuwa nyuma yake kuna kodi ya nyumba. Hawaioni kodi. Wanaiona D. Kuna sehemu ya kueleza hali ya nyumbani, na uieleze, lakini maelezo yanasaidia pale alama zinapokuwa zimepanda baadaye.

Mimi na mama tulikaa mezani na karatasi. Tukaandika kila dola inayoingia na inayotoka, ya upatu, ya simu, ya kutuma Tanga. Tukaona nikibaki na zamu mbili, Ijumaa na Jumamosi usiku, tunapungukiwa dola 310 kwa mwezi. Mama mdogo akahamia kwetu, tukalala wanne kwenye vyumba viwili kwa miezi 14. Haikuwa rahisi kwa mtu yeyote. Lakini tulijua namba, na mama alijua ananunua nini kwa ile dhiki. Baba yako anapokuwa na zile siku tatu nyumbani, mpelekee karatasi kama hiyo. Wewe mtu wa takwimu hilo halikushindi.

Na ogania yenyewe. Sisi tulioanzia shule za nyumbani tulifundishwa kushika desa na kulimeza, na tunameza vizuri kweli. Ogania hailiki hivyo, utakariri mmenyuko 60 na mtihani utaleta wa 61. Aliyeniokoa ni msaidizi wa profesa, alinipa karatasi tupu akasema, "Usiniambie jina la mmenyuko. Nionyeshe elektroni zinatoka wapi na zinakwenda wapi." Mshale unaanzia penye elektroni za ziada, unaishia penye upungufu. Basi. Kazini nilikuwa nachukua karatasi za menyu za jana, zile wanazochagulia wazee kuku au samaki, nachora nyuma yake wakati wamelala. Kabonili, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni, katikati, oksijeni inavuta elektroni kwake, kaboni inabaki na njaa, anakuja mwenye jozi ya elektroni anaipiga. Nilichora hiyo mara nyingi mpaka nikawa naiona nikifumba macho. Baada ya wiki tano nilianza kukisia bidhaa ya mmenyuko ambao sijawahi kufundishwa, na nikawa napatia. Nilipata B+.

Nenda kwa profesa wako saa zake za kupokea wanafunzi. Tunaona aibu kwenda tukiwa tumefeli, tunasubiri tupate nafuu kwanza ndiyo tujionyeshe. Nenda na hiyo 38 mkononi.

Kuhusu Bayolojia, mwambie mzee hivi, kwa heshima: shule za udaktari haziangalii jina la digrii, zinaangalia masomo. Mwaka mmoja wa bayolojia na maabara, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa ogania, mwaka wa fizikia, kisha baiokemia, Kiingereza cha kuandika, na hesabu au takwimu. Saikolojia na sosholojia ongeza kwa ajili ya MCAT, kwa sababu sehemu moja nzima kati ya nne ni hiyo. Kila shule ina vijitofauti vyake, tazama tovuti zao. Ukishachukua hayo, digrii iwe ya historia au ya muziki, ni yako. Darasani kwetu kulikuwa na mmoja aliyesoma falsafa na mwingine uhandisi wa madaraja. Na Takwimu ina jambo moja ambalo baba yako kama mzazi atalisikia: udaktari ukichelewa mwaka au miwili, una kazi. Mwenye digrii ya Bayolojia peke yake huku anahangaika. Isitoshe, kila siku wodini nasoma tafiti na kuamua kama dawa hii inamfaa mgonjwa huyu, na natamani ningekuwa na takwimu zako.

Usiione kazi yako ya CNA kuwa ni ya kubebea kodi tu. Wenzako wanaotoka kwenye uwezo wanatafuta kwa udi na uvumba saa 100 za kukaa karibu na mgonjwa. Wewe unazo elfu.

Insha ya maombi ina nafasi ya herufi 5,300 pamoja na nafasi za katikati. Ya kwanza niliandika juu ya bibi yangu aliyekuwa anaishi Bweni, ng'ambo ya mto, akaugua malaria usiku pantoni ikiwa imeshasimama, na hospitali iko Pangani mjini upande wa pili. Alifariki kabla hakujapambazuka. Ni kweli yote, na bado inaniuma. Mwalimu mmoja wa uandishi aliisoma akasema, "Bibi yako nimemjua. Wewe sijakuona." Nililia, halafu nikaandika nyingine.

Ile ya pili ilimhusu mzee mmoja wa kike tuliyekuwa tunamtunza. Siku za kuoga alikuwa anapiga kelele na kutukwaruza mikono. Kwenye faili waliandika kwamba anakataa huduma. Alfajiri moja nikiwa namvalisha soksi akaniuliza kama mvua imeacha. Hapakuwa na mvua. Chumba cha jirani mwenzangu alikuwa amefungua bomba la bafu. Kesho yake nilimwogesha kwa beseni, bomba limefungwa: maji ya uvuguvugu, taulo mbili, mabega yamefunikwa, nikaosha mguu mmoja nikaufunika ndipo nikaenda mwingine, kama tunavyomwogesha mzazi. Hakupiga kelele. Nikamwambia muuguzi, wakaandika kwenye mpango wake wa huduma, na wenzangu wote wakafuata. Kwenye usaili waliniuliza habari ya yule mama kuliko kitu kingine chochote.

Wewe anza leo kuandika. Daftari dogo, kila baada ya zamu mistari mitatu, bila majina ya wagonjwa.

Kosa langu jingine ulikwepe: mara ya kwanza niliomba Septemba, na MCAT ya 497. Alama za MCAT zinaanzia 472 hadi 528, katikati ni 500. Shule nyingi hujaza nafasi kadiri maombi yanavyofika, na mfumo unafunguliwa Mei. Shule 19, hakuna hata usaili mmoja. Nilipumzika mwaka, nikasoma miezi sita, nikapata 508, nikatuma wiki ya kwanza ya Juni, na safari hii niliomba MD na DO. Nimesoma DO. Wazazi wengi wa kwetu hawajaisikia: ni daktari kamili, anaandika dawa, anapasua, anapata leseni majimbo yote 50. Wanaongeza mafunzo ya kuchunguza na kutibu kwa mikono, mifupa na misuli. Hospitalini ninakofanya kazi MD na DO tunagawana wagonjwa walewale.

Na kabla hujalipia MCAT, ambayo ni zaidi ya dola 300, omba msaada wa ada wa AAMC, umoja wa shule za udaktari. Wanaangalia kipato chako na cha wazazi. Ukikubaliwa ada ya mtihani inapungua zaidi ya nusu, na AMCAS wanakulipia shule hadi 20. Ukishalipa kwanza hawarudishi. Mimi sikujua.

Mnyiha_Orijino (Mbeya)

Dada umeandika vizuri mno. Naomba kuelimishwa. Kwa nini huko wasisome moja kwa moja kama huku? Mtoto ana PCB (fizikia, kemia, bayolojia) yake nzuri, anaingia MD, miaka mitano, internship mwaka mmoja, tayari. Miaka minne ya kabla ni ya nini?

BintiPangani (Minnesota)

Swali zuri kaka. Kuna programu chache huku zinazochukua mtoto kutoka sekondari mpaka udaktari, ila ni chache na ushindani wake mkali sana.

Asili yake ni ya zaidi ya miaka 100. Karne ya 19 Marekani ilikuwa imejaa shule za udaktari za biashara, mwenye ada anaingia, anasikiliza mihadhara, anatoka daktari bila kugusa mgonjwa. Shule ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1893 ikadai mwanafunzi awe na digrii kwanza. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti baada ya kukagua shule 155 za Marekani na Kanada: maabara hazina vifaa, nyingine hazina hospitali. Akataka wanafunzi wawe wamesoma chuo, kemia, bayolojia na fizikia, kabla ya kuingia. Ndiyo chanzo cha masomo haya yanayomtesa mdogo wetu.

Ripoti ilifunga shule nyingi mbovu, hilo lilikuwa jema. Lakini kati ya shule saba za Wamarekani weusi tano zilifungwa, zikabaki Howard na Meharry. Huwa nalikumbuka hilo ninapoona nani anaweza kumudu miaka minane ya ada na nani anaangukia ogania kwa sababu ya usingizi. Kijana huyu si mjinga. Mtu aliyetoka kazini saa moja asubuhi anafanyishwa mtihani mmoja na aliyelala usingizi wa saa nane nzima.

Mtu_wa_Uvira (Iowa)

Ndugu yangu, na mimi niweke langu. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kule kambini tulisoma programu ya Congo, kwa Kifaransa. Nimefika Amerika na miaka 19, Kiingereza hakuna. Nilianza na community college miaka miwili, nikahamia chuo kikuu. Sasa niko mwaka wa kwanza wa shule ya medicine.

Jambo ambalo dada hakutaja ni lugha. Wewe unajua Kiswahili, na pengine Kinyamwezi. Mimi nilifanya mafunzo ya ukalimani wa hospitali, saa 40, halafu nikaanza kazi ya simu, nimekaa kwenye kiti nyumbani. Haina kubeba wazee, mgongo unapumzika, na kati ya simu na simu unafungua kitabu. Mshahara kwangu ulikuwa juu kuliko wa CNA. Na hiyo pia ni kazi ya karibu na mgonjwa, wanaihesabu.

Nitakupa mfano mmoja. Mama mmoja alisema kwa Kiingereza chake kidogo, "I have pressure." Wakamwekea nyaya za kupima moyo kifuani, wakidhani anabanwa kifua. Walipoita mkalimani nikamuuliza, "Mama, presha ipi?" Akasema, "Presha ya siku zote mwanangu, dawa zimeisha." Alitaka tu vidonge vyake. Mtoto wake wa miaka 11 alikuwa pale, ndiye alikuwa anatafsiri kabla yangu. Kwa sheria hospitali inayopokea pesa za serikali inapaswa kumpatia mgonjwa mkalimani bure, lakini wazazi wetu hawajui kuomba.

Hayo niliyaandika kwenye maombi yangu.

Intern_KandaYaZiwa (Mwanza)

Nizungumzie upande wa kurudi nyumbani, maana naona wazee wengi wa diaspora wanauona MD wa huku kama njia ya mkato.

Mkuu, nimemaliza miaka mitano juzi, niko internship. Ya kwanza, uliondoka kidato cha kwanza, kwa hiyo huna CSEE ya kidato cha nne wala ACSEE ya kidato cha sita. Vyeti vyako vya Marekani vitapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, kupatiwa ulinganifu, halafu utashindanishwa na watoto wenye A za PCB. Ya pili, huku nako tunapiga msuli kama huko. Mwaka wa kwanza na wa pili kuna anatomia, fiziolojia na baiokemia, na baiokemia inamkuta mtu aliyeikimbia ogania. Nimeona wenzangu wakila sup (mitihani ya marudio) na wengine kudisko (kuondolewa chuoni) mwaka wa kwanza.

Ya tatu ndiyo kubwa: ukimaliza, na familia yako iko Ohio, utataka kurudi. Hapo unahitaji cheti cha ECFMG, wanaothibitisha madaktari waliosoma nje, na mitihani ya leseni ya USMLE, Step 1 na Step 2, halafu unagombea nafasi ya mafunzo kama daktari uliyesoma nje. Step 1 tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, haina alama, kwa hiyo nafasi ya mtu wa nje kung'ara hapo imeondoka. Inawezekana, kuna kaka zetu wamepita. Lakini hujaepuka chochote, umekisogeza mbele.

Kama unataka kuja kwa sababu unataka kuwatibu watu wa Tabora, hilo ni neno lingine na nitakupokea kwa mikono miwili. Jiulize unalolitaka wewe.

BintiPangani (Minnesota)

Intern amesema kweli. Niongeze la mikopo, limebadilika na wengi hawajajua. Mikopo ya serikali iliyokuwa inafidia gharama yote ya shule ya udaktari, Grad PLUS, inafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Kwa masomo kama udaktari utaweza kukopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka, jumla isizidi 200,000. Shule nyingi zina gharama zaidi ya hapo. Kwa hiyo unapochagua shule angalia bei mapema, za serikali za jimbo lako kwanza. Kuna chache zisizotoza ada kabisa, kama NYU Grossman tangu 2018 na Einstein ya Bronx tangu 2024. Na Johns Hopkins, hiyohiyo ya 1893, hailipishi ada familia nyingi zenye kipato chini ya dola 300,000. Hata lori la baba na zamu zako haviifikii hiyo.

Kwa wenye viza ya F-1 wanaosoma hapa: mikopo hii hamuipati na shule nyingi hazipokei maombi yenu. Msiichukue hesabu ya huyu kijana mwenye grini kadi mkaifanya yenu.

Kijana_wa_Isevya (Columbus, Ohio)

Nashukuruni sana. Samahani nimekaa kimya siku sita.

Jumatano nilikwenda ofisi ya fedha. Nikijitoa nabaki na krediti 12 kamili, na kipimo chao niko asilimia 91. Siku hiyohiyo nikaenda kwa profesa na ile karatasi ya 38. Nilikaa nje ya mlango kama dakika kumi. Alipoisoma akaniuliza ninafanya kazi saa ngapi. Nilipomwambia 36 aliweka kalamu chini. Amesema nijitoe, na nikirudia ogania ya kwanza muhula ujao nihudhurie kundi lake la Jumanne la kuchora mishale, hata kabla sijajiandikisha nianze kwenda.

Alhamisi nikajitoa. Zamu ya Jumatatu nimeiachia, nimebaki na Ijumaa na Jumamosi. Kaka wa Uvira nimekutumia ujumbe kuhusu mafunzo ya ukalimani.

Baba alirudi Jumapili. Nilimpikia wali na maharage ya nazi, tulipomaliza kula nikamwekea karatasi mezani: kodi, umeme, dawa za mama, ada ya Tabora, pengo la dola 264 kwa mwezi. Upande wa pili wa karatasi nilikuwa nimeandika ile hesabu ya C- na A, pointi 22.8 gawa kwa 8. Aliivuta karibu akavaa miwani. Akapitisha kidole kila mstari, akaniuliza W ni nini, nikamweleza. Akauliza tena ile 2.85 imepatikanaje, nikamwonyesha kwa kalkuleta ya simu.

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Hizi hesabu unazifanya wewe mwenyewe?" Nikasema ndiyo baba. Akaikunja ile karatasi akaiweka kwenye mfuko wa shati, na asubuhi ameondoka nayo kwenye lori.